Ubingwa wa 2013/14 uliamuliwa mikoani

(Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya, katika kufunga mashindano ya soka ya vijana)

Ndugu mgeni rasmi, wazee wetu, makocha, wazazi mliofunga biashara mapema ili muwahi hapa, na ninyi vijana ambao jasho bado halijawakauka. Wenye haki ya shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Nimeombwa niseme machache kuhusu mpira wa zamani. Nadhani aliyeniomba alitaka nizungumzie Tukuyu Stars, wale wa Rungwe waliopanda daraja na kuubeba ubingwa wa nchi papo hapo, mwaka 1986. Hapa mbele wamekaa wazee wanaoijua habari hiyo kuliko mimi, nawaachia wao. Mimi nawarudisha karibu zaidi, kwenye msimu wa 2013/14 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Wakati huo wengi wenu hamkuwa mmeanza darasa la kwanza.

Mnanijua, mimi ni mwalimu wa hesabu. Msimu ule nilikuwa na daftari, hili hapa, la hesabu, lenye viboksi. Kila Jumatatu asubuhi kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza nilikuwa nachora msimamo wa ligi: timu 14, mechi zilizochezwa, kushinda, sare, kufungwa, mabao, pointi. Wanafunzi walikuwa wanachungulia dirishani: "Mwalimu, tuko wa ngapi?" Sikuwa nauliza "tuko" ni akina nani. Msimu ule Mbeya nzima neno hilo lilikuwa na maana moja.

Mbeya City ilikuwa imepanda daraja mwaka huo. Timu ya Halmashauri ya Jiji, jezi za zambarau, kocha Juma Mwambusi, wachezaji ambao ukiwataja Dar es Salaam watu walikuwa wanauliza "nani huyo?" Waliopanda pamoja nao ni Ashanti United na Rhino Rangers ya Tabora. Timu zinazopanda huwa zinatabiriwa jambo moja tu, kurudi zilikotoka. Ashanti na Rhino zilirudi kweli, pamoja na JKT Oljoro ya Arusha. Sisi hatukurudi. Tulicheza mechi 13 za mzunguko wa kwanza bila kufungwa hata moja. Saba tulishinda, sita sare, pointi 27.

Naomba mtazame ukurasa huu. Najua walioko nyuma hamuoni, nitausoma. Mwisho wa mzunguko wa kwanza: Yanga pointi 28. Azam 27. Mbeya City 27. Simba ilikuwa chini yetu. Niliuandika ukurasa huu kwa kalamu ya wino, na siku zote huwa natumia penseli, kwa sababu msimamo wa ligi unabadilika kila wiki. Huu sikutaka uje ufutike.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Ukimuuliza mtu leo kuhusu msimu ule, kama ni mpenzi wa Simba au Yanga, atakutajia kitu kimoja: tatu tatu. Tarehe 20 Oktoba 2013, Uwanja wa Taifa, Yanga inaenda mapumziko ikiongoza 3-0, bao la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Kipindi cha pili Simba inarudisha yote, Betram Mombeki, Joseph Owino, halafu Kaze Gilbert. Ilikuwa mechi ya ajabu na haki yao kuikumbuka. Lakini fungueni daftari mwishoni mwa msimu muone mechi hiyo iliamua nini. Kila mmoja alipata pointi moja. Simba ilimaliza ya nne ikiwa na pointi 38, na sare 11, ingawa mfungaji bora wa ligi nzima alikuwa wa kwao, Amissi Tambwe kutoka Burundi, mabao 19. Yanga ilimaliza ya pili. Ile 3-3 haikumpa mtu ubingwa wala haikumnyima.

Bingwa alikuwa Azam. Na ubingwa wake uliamuliwa kwenye mechi ambazo watu wamezisahau, na mojawapo ilichezwa na timu ambayo msimu mzima ilikuwa inapigania isishuke daraja.

Nisikilizeni vizuri hapa, vijana, hasa ninyi mnaosema hesabu haina kazi uwanjani. Azam: mechi 26, imeshinda 18, sare 8, haikufungwa. Pointi 62. Yanga: mechi 26, imeshinda 16, sare 8, imefungwa 2. Pointi 56. Sare ni nane kwa nane. Kwa hiyo hawakutofautiana kwa sare. Yanga ilifunga mabao 61, Azam 51. Kwa hiyo hawakutofautiana kwa kufunga, na kama ni kufunga basi Yanga ndiyo iliyokuwa juu. Tofauti ya pointi sita yote imekaa ndani ya mechi mbili ambazo Yanga ilifungwa. Mbili tu, katika msimu ulioanza Agosti na kwisha Aprili.

Ya kwanza ni tarehe 22 Septemba 2013, Azam 3, Yanga 2. Bocco alifunga, Kipre Tchetche alifunga, Yanga ikafunga mbili, na ilionekana watagawana pointi. Dakika za mwishoni kabisa kijana aliyetokea benchi, Joseph Kimwaga, akafunga la tatu. Ilikuwa Septemba, ligi bado changa, na nakumbuka Jumatatu yake niliandika matokeo hayo bila hata kuyatilia maanani. Niliyaandika kama ninavyoandika mahudhurio ya darasa.

Ya pili nitaieleza kwa kirefu kwa sababu naipenda, ingawa sikuwepo uwanjani. Machi 2014. Yanga walikuwa wamerudi kutoka kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako Al Ahly ya Misri iliwatoa kwa penalti baada ya kila mmoja kushinda 1-0 nyumbani kwake. Fikirieni, kuisimamisha Al Ahly hadi penalti. Kwenye ligi walikuwa wanafunga watu mabao ya kutisha. Februari waliipiga Ruvu Shooting 7-0. Mwishoni mwa Machi wakaipiga Prisons, jirani zetu hapa hapa Mbeya, mabao matano. Siku chache baada ya hizo tano wakaenda Tanga, Mkwakwani, kucheza na Mgambo JKT.

Mgambo ilikuwa timu ya kuhesabu pointi kwa vidole. Wachezaji wa jeshi la kujenga taifa, hakuna nyota, hakuna kambi ya nje ya nchi, na mkia wa ligi uko karibu unawanyemelea. Wakaifunga Yanga 2-1. Na hawakubahatisha, kwa sababu Februari, uwanja huohuo, walikuwa wameifunga Simba 1-0.

Nilikuwa nyumbani, redio iko juu ya kabati la vyombo. Mke wangu anamenya ndizi, mimi nimekaa na daftari. Filimbi ya mwisho ilipolia sikushangilia wala sikusikitika, mimi si Yanga wala si Azam. Nilichukua penseli nikaanza kukokotoa, na nilipomaliza nikamwambia mke wangu, "Hawa wanajeshi wa Tanga wamefanya jambo kubwa, na huenda wenyewe hawajui." Akaniuliza ni jambo gani. Nikamwambia ngoja ligi iishe.

Ligi ikaisha, nikakokotoa tena. Chukueni bao la Kimwaga, liondoeni, mechi ya Septemba iwe 2-2. Azam inapungua pointi mbili, inabaki na 60. Yanga inaongezeka moja, inakuwa na 57. Sasa chukueni mechi ya Mkwakwani, ipeni Yanga ushindi ambao kila mtu aliutarajia. Tatu juu ya 57 ni 60. Sitini kwa sitini! Na Yanga ikiwa na mabao mengi zaidi mfukoni. Najua mpira hauchezwi kwenye daftari, ukigusa mechi moja umegusa zote zinazofuata. Lakini hesabu hii nimeirudia mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufundisha, na kila mara inaniambia vilevile. Bao moja la kijana wa akiba mwanzoni mwa msimu, na ushindi mmoja wa timu ya mkiani mwishoni mwa msimu. Toa hivyo viwili, kombe linarudi Jangwani, kwa Yanga.

Sisemi haya kuipunguzia Azam heshima. Kucheza mechi 26 bila kufungwa, katika nchi ambayo leo unacheza Tanga kwenye joto la bahari, wiki ijayo uko Bukoba ng'ambo ya Ziwa, wiki nyingine uko hapa kwetu kwenye baridi, na katikati yake kuna siku nzima ndani ya basi, ni kazi nzito. Timu ile ilianza kama timu ya wafanyakazi wa viwanda vya Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, na ndani ya miaka sita ikawa bingwa. Katikati ya msimu walibadilisha kocha. Stewart Hall Mwingereza aliondoka, akaja Joseph Omog wa Cameroon, ambaye mwaka 2012 alikuwa ameipa AC Léopards ya Kongo Brazzaville Kombe la Shirikisho Afrika. Timu nyingi hubadilisha kocha zikayumba. Wao hawakuyumba. Aishi Manula golini, bado kijana mdogo. Aggrey Morris nyuma. Himid Mao na Salum Abubakar, yule tuliyemwita Sure Boy, katikati. Na mbele John Bocco, mtu mrefu, mpole, ambaye alikuwa nao tangu wanapanda. Kabla yao, timu ya mwisho kuchukua ubingwa nje ya Simba na Yanga ilikuwa Mtibwa Sugar, mwaka 1999 na 2000. Na misimu zaidi ya kumi iliyofuata baada ya Azam, kombe limekuwa likizunguka kati ya Jangwani na Msimbazi tu, yaani Yanga na Simba.

Timu iliyowasumbua Azam kuliko zote, kwa macho yangu, ilikuwa hii yetu. Mzunguko wa kwanza tuliwafuata Chamazi, nyumbani kwao, Novemba 2013. Ikawa 3-3, na matatu yetu yote yalifungwa na mtu mmoja, Mwagane Yeya. Mabao matatu ugenini dhidi ya timu inayokwenda kuwa bingwa bila kufungwa. Hakuna mwingine nchini aliyeifanyia Azam hivyo msimu ule. Yeya aliporudi mjini, sokoni Mwanjelwa kina mama wa viazi walikuwa wanamwita kama wanamwita mtoto wao aliyefaulu mtihani.

Basi nifike tarehe 13 Aprili 2014.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Asubuhi watu makanisani, mchana Uwanja wa Sokoine, na wengi hawakupita nyumbani. Watoto walikuja na matawi yao mikononi. Mbele yangu alikaa binti wa miaka saba au minane hivi, tawi lake amelifunga kitambaa cha zambarau, na kila tulipopata kona alilipunga mpaka majani yakaanza kudondoka. Juu ya jukwaa la mbele Mlima Loleza umefunikwa na wingu, na kila mtu anaangalia wingu kuliko saa, maana Aprili yetu mnaijua.

Hali ilikuwa hivi. Azam wana pointi 56, Yanga 52, zimebaki mechi mbili. Yanga wako Arusha siku hiyohiyo kucheza na JKT Oljoro. Azam wakishinda kwetu, ligi imekwisha. Wakitoka sare na Yanga wakashinda Arusha, inakuwa 57 kwa 55, na kila kitu kinasubiri Jumamosi inayofuata. Kwa hiyo siku ile sisi, tuliokuwa tumepanda daraja juzi, ndio tulioshika ufunguo wa ligi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Uyole, ana redio ndogo iliyofungwa kwa raba kwa sababu mfuniko wa betri umepotea, ameiweka sikioni anasikiliza Arusha huku macho yako Mbeya. Alikuwa Yanga damu, lakini amevaa fulana ya zambarau. Nikamuuliza, "Mzee, leo wewe ni nani?" Akajibu, "Leo vyote viwili ni kimoja, mwanangu."

Dakika ya 44 Gaudence Mwaikimba akatufunga. Jina la kwetu kabisa hilo, ukilisikia unajua ukoo umetoka upande wa Rungwe. Uwanja ukanyamaza. Nakumbuka nilisikia mpira ukidunda wavuni, na siku yenye watu wengi namna ile huwa husikii.

Mapumziko hakuna aliyekwenda kununua kitu. Kipindi cha pili vijana wetu walikimbia kama wanadaiwa. Steven Mazanda anapigania kila mpira katikati, Deus Kaseke anawachukua mabeki pembeni, anarudi, anawachukua tena. Dakika ya 70, Yeya. Yeye tena! Bao la nne kwa Azam ndani ya msimu mmoja. Sitawadanganya kuwa nakumbuka kilichofuata. Nakumbuka mzee wa Uyole amenikumbatia na redio yake imebanwa kati ya mbavu zake na zangu, bado inatangaza Arusha. Nakumbuka yule binti amelirusha tawi juu na halikurudi. Uwanja mzima, "Koma kumwanya! Koma kumwanya!" Kwa ambao si wa huku, ni Kinyakyusa, piga juu. Ndilo lilikuwa neno la timu yetu.

Kwa robo saa hivi ligi ya Tanzania ilikuwa haina bingwa kwa sababu ya Mbeya City. Nataka mlielewe hilo. Dar es Salaam kuna watu wamekaa kwenye vibanda wameshika vichwa, Arusha benchi la Yanga linaulizia matokeo, yote kwa sababu ya kijana mmoja hapa Sokoine.

Kisha ikaja dakika ya 86, John Bocco. Bao lenyewe sikuliona. Mbele yangu watu walikuwa wamesimama. Nilichokiona ni kipa wetu David Burhan ameinama kuokota mpira wavuni, taratibu, kama mtu anayeokota kitu kilichomdondoka njiani. Mbili kwa moja. Wale waliovaa jezi za Azam, wachache, walikuwa wanarukaruka upande mmoja wa uwanja, na sisi wengine wote tumebaki tumesimama.

Filimbi ilipolia mzee wa Uyole alizima redio. Akakaa kidogo. Kisha akasimama akapiga makofi. Nilidhani anawapigia vijana wetu. Alikuwa amewaelekea Azam. Nikamwambia, "Mzee, wamekunyang'anya vyote viwili." Akasema, "Wamekuja mpaka huku kulichukua." Maana Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, na wangeweza kuja kutafuta sare wakamalizie nyumbani kwao. Hawakufanya hivyo. Walikuwa sare hadi dakika nne za mwisho na bado wanatafuta bao, katika uwanja ambao kila mtu anawazomea. Nami nikapiga makofi. Ilinichukua muda, lakini nilipiga.

Tulimaliza wa tatu. Pointi 49. Katika mechi 26 tulifungwa tatu tu. Juu ya Simba kwa pointi 11. Hilo lote liko humu kwenye daftari. Nitasema wazi kwamba liliniuma na bado linaniuma jinsi timu ile ilivyosambaa. Kaseke alikwenda Yanga. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, kila dirisha la usajili linapofunguliwa tunampungia mtu mkono. Siwalaumu wachezaji, mpira ni ajira na wana watoto wa kulisha. Ninachosikitikia ni sisi tuliobaki. Mwaka wa kwanza jukwaa lilijaa, mwaka wa pili likajaa wakati wa Simba na Yanga tu, halafu kuna Jumatano nilikaa pale Sokoine na watu ambao ningeweza kuwahesabu bila kalamu. Mwaka 2023 tukashuka daraja.

Nawaambia ninyi vijana haya kwa sababu nimekuwa nikiwasikiliza siku zote tatu za mashindano haya. Kuna mtu jana, sitamtaja, timu yake ilikuwa imeshatolewa na ina mechi moja imebaki, akasema mbele yangu, "Ya leo ya kujifurahisha tu, mwalimu, haina maana." Nilitamani nimwonyeshe ukurasa wa Mgambo palepale. Kijana wangu, umekaa hapa na unajijua. Wale wanajeshi wa Tanga wangeweza kusema kufungwa na Yanga siyo aibu, kila mtu anafungwa na Yanga, wiki iliyopita Prisons wamekula tano. Walikuwa na kila kisingizio. Waliingia wakacheza, wakapata pointi tatu zilizowasaidia wao kubaki kwenye ligi, na hizohizo zikaamua nani awe bingwa wa nchi. Jana ulicheza na timu ambayo ilihitaji ushindi ili iingie nusu fainali. Uliipa ushindi huo bure. Kuna timu ya tatu, ya Iyunga, ambayo ilikuwa inasubiri matokeo yenu, na watoto wake walilia. Mimi niliwaona wakilia nyuma ya lile gari la maji.

Sitaki kukuaibisha. Njoo tuongee baadaye, nina maneno mengine ya kukwambia, mazuri pia, kwa sababu mguu wako wa kushoto sijaona mwingine kama huo hapa.

Nimalizie na daftari. Niliandika kila Jumatatu kuanzia Agosti 2013 hadi siku tuliyoshuka, madaftari kadhaa, mengine yako nyumbani kwangu kwenye sanduku. Siku ile nikaacha. Niliona sina tena cha kuandika. Mwaka 2025 timu ikarudi Ligi Kuu, nikatoa daftari la mwisho, kurasa kama thelathini hivi bado nyeupe, nikakuta macho yangu hayavioni tena viboksi bila kuyakaza. Kwa hiyo nimelileta. Nahitaji mtu mwenye mwandiko unaosomeka, asiyekimbia hesabu, na ambaye ataandika hata wiki tuliyofungwa. Mtu wa Mbeya Sekondari, wa Sangu, wa Iyunga, popote, sijali. Mvulana au msichana, sijali. Ila nataka aandike timu zote, za juu na za mkiani, kwa sababu mmeona wenyewe ya Mgambo.

Na kabla hatujagawa zawadi, naomba jambo moja. Kama kuna mtu hapa aliyekuwa Sokoine tarehe 13 Aprili 2014, asimame. Simameni tu, msione haya. Mama yule pale, naam. Baba wa kipa, kumbe na wewe! Tazameni, vijana, geukeni nyuma mtazame ni wangapi. Mimi nitasoma majina, na hao waliosimama waitikie kama tulivyokuwa tunaitikia siku ile. Burhan. Mwasapili. Matogolo. Mazanda. Mapunda. Kaseke. Nonga. Yeya.

Ndaga fijo, asanteni sana. Anayetaka daftari anifuate pale mezani.